Chumvi ya Shukrani

Shule, Garsen
8 Juni 2025

Shoga yangu Kadii,

Dawati letu limekuwa kubwa bila wewe. Wamenipa Stacy wa Hola nikae naye, na huyo Stacy anakoroma mchana kweupe Mwalimu akifundisha. Mama yako anaendeleaje tangu atoke Malindi kwenye upasuaji? Mwambie namwombea kila sala, na mwambie pia asikuzuie huko Chara hadi Kidato cha Pili kiishe, maana sitaki kufaulu peke yangu.

Sasa kazi uliyonipa. Ijumaa Madam Gladys alitufundisha muungano wa ayoni. Alitoa kipande cha sodiamu kwenye mafuta, kidogo kama punje ya mahindi, laini unaikata kwa kisu, akakidondosha kwenye beseni la maji. Wallahi kilikimbia juu ya maji kama kimefukuzwa, kikawaka moto, kikapasuka PA! Wasichana tulijazana mlangoni. Yeye akacheka. Akasema, hiyo ni sodiamu. Halafu akatuambia kuhusu klorini, gesi ya kijani ambayo zamani vitani ilitumika kuua askari kwa kuwachoma mapafu. Akauliza, "Mkiunganisha hivi viwili, mnapata nini?" Tukasema, mauti. Akasema, "Mnapata chumvi mliyotia kwenye maharagwe leo."

Inaenda hivi. Sodiamu ana elektroni moja mzunguko wa nje, haitaki. Klorini amepungukiwa na moja. Sodiamu anaitoa, anabaki na chaji chanya. Klorini anaipokea, anakuwa na chaji hasi. Hawaitwi atomu tena, wanaitwa ayoni, na chanya na hasi huvutana na kushikana. Basi. Chora duara mbili na mshale, utapata alama zote.

Na jambo jingine: kwa Madam, "chumvi" si jina la kitu kimoja. Ni jina la ukoo. Ziko nyingi, na nyingine huwezi kula.

Kaka yangu Abdinur anashusha ng'ombe upande wenu. Huku kwetu Ndera majani yamekwisha kabisa. Unamjua ana hasira za haraka lakini moyo wake hauna kitu. Mwangalie.

Rafikiyo,
Barwako Dukicha

*

Chara
17 Juni 2025

Barwako mpenzi,

Barua yako Idris aliileta juu ya pikipiki pamoja na kreti za soda, ikafika imelowa pembeni lakini inasomeka. Asante. Nimechora zile duara kwenye mchanga nje ya jiko, Mama akauliza kama nachora makaburi. Nimezifuta.

Abdinur amefika. Nikuambie alichofanya. Juzi kidonda cha Mama kilivimba, homa ikapanda, na kaka Kiti alikuwa shambani mbali. Abdinur alikuwa anapita na pikipiki akitafuta kisima. Hakuuliza mambo mengi. Alimfunga Mama kiunoni kwa leso yangu asianguke, akampeleka zahanati polepole kama amebeba mayai, akamngoja, akamrudisha. Mama sasa anamwita "mwanangu wa ng'ombe".

Kiti aliporudi alitaka kumshukuru na hana kitu. Ndipo akakumbuka gunia lake. Walipofungua ghala la ule mradi wa mpunga uliokufa, maji ya mafuriko yalikuwa yameshaingia, kila aliyesaidia kusafisha akaambiwa achukue atakacho. Kiti alichukua gunia la chumvi, limegandamana, maandishi yametoka. Sisi tuna chumvi yetu ya dukani, kwa hiyo lilikaa tu. Akampa Abdinur kwa ajili ya ng'ombe. Akalamba kidogo mbele yake kumwonyesha. Abdinur alifurahi sana, alisema mifugo yake haijaona chumvi tangu itoke Ndera.

Lakini Barwako, si wote hapa wanafurahi. Ng'ombe wamelala karibu mno na mahindi. Wanaume wameanza kukaa zamu njia ya mtoni, na wanakaa na mapanga. Mzee Tsuma, baba yetu mdogo, alisema jana mbele ya Kiti, "Wakikanyaga shina moja, tusilaumiane." Kiti alicheka. Mzee hakucheka.

Nisaidie: kama klorini ni sumu, kwa nini chumvi hainiui?

Wako,
Kadii

*

Garsen
24 Juni 2025

Kadii,

Swali lako nilimpelekea Madam Gladys. Alisema ni swali la mtu anayefikiri, na Stacy akanuna.

Jibu: klorini akishapokea elektroni si yule tena. Njaa imemtoka. Hana haja ya kunyang'anya mapafu yako kitu. Ila Madam aliongeza: usidhani kila ayoni ni mpole. Inategemea ni nani kashikana na nani. Badala ya sodiamu anaweza kukaa mwingine, na badala ya klorini anaweza kukaa naitreti, na kwa macho utaona punje nyeupe zile zile.

Kiti ni mtu mzuri. Mwambie dada yake Abdinur amesema asante. Hao wa mapanga watachoka, kila kiangazi ni hivi hivi.

Mtihani wa katikati ya muhula umesogezwa. Njoo!

Barwako

*

Chara
28 Juni 2025

Barwako,

Leo ni fupi, Idris anangoja.

Nataka kujua jambo la marudio tu. Mtu akiwa na chumvi na hajui ni ya aina gani, na hana maabara, atajuaje? Si kwa kuonja. Kwa vitu vya nyumbani.

Usimwambie mtu kuwa nimeuliza. Watanicheka.

Abdinur haji tena kwetu siku hizi. Mama anamuulizia.

Kadii

*

Garsen
1 Julai 2025

Kadii,

Nani atakucheka? Wewe na aibu zako.

Nilimuuliza Madam kana kwamba ni swali langu. Amesema bila maabara huwezi kuwa na hakika ya kila chumvi, lakini moja hujitangaza, ile yenye amonia, kama mbolea ya kukuzia mahindi. Kwanza, itie nyingi kwenye maji kidogo, ushike kikombe. Maji yatakuwa baridi mkononi, baridi ya ajabu. Chumvi ya kula haifanyi hivyo sana. Pili, ichanganye na jivu la kuni na maji ya moto. Ikiwa na amonia itatoa harufu ya kukata pua, kama choo cha shule wakati maji yamekatika. Simama mbali.

Nilikuwa nimefika hapo niliposikia jina langu kutoka langoni. Nimerudi sasa hivi.

Ami yangu Adan alikuwa langoni. Amesema ng'ombe wetu wamekufa huko Chara. Zaidi ya kumi, kwa mkupuo mmoja. Walianza kupepesuka, wakahema kama wamekimbizwa, wakaanguka. Abdinur alipompasua mmoja alikuta damu yake si nyekundu, ni rangi ya kakao. Ami anasema wakulima wametia sumu penye kunywea. Anasema wanaume wa kwetu wanakusanyika, na kwamba nisishangae nitakachosikia.

Kadii, wamekufa tangu wiki iliyopita. Wewe uko hapo. Uliniandikia tarehe ishirini na nane, ukaniuliza habari za marudio.

Kwa nini hukuniambia?

Barwako Dukicha

*

Chara
3 Julai 2025

Barwako,

Nilingoja barua yako kwa sababu nilitaka uniambie nimekosea.

Punje zilikuwa zimebaki chini ya kitanda cha Kiti, mahali gunia lilipokaa. Nimezifagia leo Mama alipolala. Nimetia kwenye kikombe cha bati na maji, kikombe kikawa baridi hadi kikatoa jasho nje. Halafu jivu na maji ya chai. Sikusimama mbali. Macho yangu bado yanauma.

Ni mbolea. Abdinur aliwapa ng'ombe mbolea, na aliyempa Abdinur ni kaka yangu, kwa ajili ya mama yangu.

Nilishuku tangu siku ile ng'ombe walipoanguka, kwa sababu hakuna mwingine aliyekufa mtoni, si mbuzi, si punda, na wote wanakunywa pale pale. Sikukuandikia. Niliogopa kwamba nikiandika litakuwa kweli.

Kiti hajui. Anakaa zamu na wenzake sasa, amekata tamaa na watu wenu, anasema, "Tuliwapa chumvi, wanatuita wauaji." Nikimwambia, atakwenda moja kwa moja kwa Abdinur, ndivyo alivyo, na Abdinur atamuua. Nisipomwambia, watu wenu watakuja kwetu sote. Mama Janet jirani ameshawavusha wanawe kwenda Kipini. Usiku hakuna anayewasha taa. Jana mtu alikata mkia wa ndama wenu akautundika njiani, na hakuna anayeuliza ni nani.

Nilijaribu kupiga simu shuleni kwa simu ya Idris. Mwanamke wa ofisini alisema wanafunzi hawaitwi kwenye simu, nikakata.

Nakuomba usimtaje Kiti. Sijui unaweza kufanya nini bila kumtaja. Nakuomba tu.

Abdinur amewahamisha waliobaki, yuko nyuma ya kichaka cha mikindu. Gunia halipo tena pale, nilimtuma Idris aangalie. Lilikuwa bado nusu.

Kadii

*

Garsen
5 Julai 2025, asubuhi

Kadii,

Nimemwonyesha Madam Gladys barua yako. Yote. Uliniomba nisifanye hivyo na nimefanya.

Nikueleze sababu. Ami Adan alipokuwa langoni alisema jambo ambalo sikulitilia maanani. Alisema Abdinur, pamoja na msiba wa ng'ombe, hakusahau harusi ya binamu yetu Ruwaida, amempelekea Mama Ndera chumvi ya nyama kwa lori la mchanga. Nyama inapikwa leo.

Simu ya Mama imezimwa. Ya Baba inaita haipokelewi. Ya Abdinur haipatikani. Mwalimu Gershom ana gari na Mwalimu Mkuu ametoa ruhusa, tunaondoka sasa hivi, naandika mguu mmoja uko ndani. Idris yuko sokoni, nitampa hii.

Kiti nitamtaja. Sikiliza kabla hujanichukia. Nikisema "ilikuwa mbolea" nikanyamaza hapo, watauliza imetoka wapi, nitasema Chara, na kwao itakuwa ile ile, wakulima walitupa sumu. Nikisema ni Kiti, kwa sababu ya Mama yako, na akalamba mwenyewe mbele ya Abdinur, hapo kuna mtu wa kumhurumia. Sina njia nyingine.

Mwambie Kiti kabla hajasikia kwa wengine.

B.

*

Chara
6 Julai 2025, alasiri

Barwako,

Barua yako ilifika jana jioni. Nilimsomea Kiti nyuma ya nyumba. Alikuwa anakula. Aliweka sahani chini, akasema, "Mimi?" Halafu akasema tena, "Mimi?" Hakula tena.

Leo asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, akaniomba zile punje. Nilimfungia kwenye leso. Nikamwambia asubiri, umekwenda Ndera, watajua. Akasema, "Atajua kutoka kwangu." Panga aliliacha mlangoni. Mama alimuuliza unakwenda wapi umependeza hivyo, akasema, "Kumsalimia mwanao wa ng'ombe."

Hajarudi.

Mtoto wa jirani alipanda mnazi akasema amemwona amekaa chini kambini, mikono nyuma. Habari hiyo imeshafika kwa wanaume. Mzee Tsuma amekuja kumwangalia Mama na hakumwangalia, aliangalia panga la Kiti mlangoni, akalichukua. Nimemwambia yote, mbolea, gunia, yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwanangu, sasa hayo hayana kazi." Wamesema jua likishuka kwenye mikindu wanakwenda.

Sijui uko wapi. Sijui kama mama yako amekula ile nyama. Naandika kwa sababu nikikaa mikono mitupu nitapiga kelele.

Kadii

*

Ndera
8 Julai 2025

Kadii,

Sina habari zenu tangu Jumapili, simu ya Abdinur imezimika tena. Naandika nilichofanya upande huu, wewe utaniambia kilichotokea huko.

Tulifika Ndera jana yake, Jumamosi mchana. Masufuria yalikuwa motoni. Mama alipoonja aliona mchuzi una uchungu, akadhani ni chumvi ya kigeni, akaongeza maji. Wakubwa walikuwa hawajala. Lakini alishawapa wadogo kikombe kikombe, na mdogo wetu Sumayya alipenda, akaomba cha pili na cha tatu. Nilimkuta amelala mkekani, wanasema ni joto. Nikamfunua uso. Midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau.

Nilimwaga masufuria kwa miguu, Kadii. Kwa miguu, mbele ya wageni. Shangazi alinipiga kofi. Mwalimu Gershom alimbeba Sumayya hadi garini, tukaenda Hola. Daktari alimtoa damu akaniita niione, ilikuwa na rangi ile ile ya kakao. Alimtia oksijeni na dawa ya buluu mshipani. Mama alikaa chini sakafuni akisema, "Mimi nimempa kwa mkono wangu." Ilipofika alfajiri midomo ilirudi. Anaishi.

Jumapili alasiri nilirudi nyumbani kuchukua nguo, nikampigia Abdinur kwa simu ya Baba, akapatikana. Baba alikuwepo, ami Adan pia, na wanaume wengi nje. Nikamwambia kuhusu Sumayya. Akasema, "Aliyetupa hiyo yuko hapa miguuni kwangu. Amejileta. Sema tu."

Nikasema, "Kuna punje zozote zilizobaki?"

"Anazo kwenye leso."

"Una jivu? Una maji ya moto? Weka kwenye kikombe, uinuse."

"Barwako, mimi sichezi."

"Inusa, kaka! Halafu ufanye utakalo."

Nilisikia bati, nikasikia maji. Halafu nikamsikia anakohoa, anakohoa hadi nikadhani atatapika. Nikasema, "Hiyo ni mbolea ya mahindi. Mtu akitaka kukuua, atailamba mbele yako?" Nilimsikia akiuliza mtu aliye karibu, kwa sauti ya chini kabisa, "Ulilamba, si ndiyo? Ulilamba." Na Kiti akasema, "Nililamba. Nilidhani ni kali kwa sababu ni ya zamani."

Kisha Abdinur akaniambia, "Namrudisha kwao mwenyewe, kabla ya jua kushuka." Simu ikakatika.

Baba amewaambia wanaume warudi makwao. Wengine wamerudi. Ami Adan bado amekaa.

Alifika? Niandikie.

Barwako

*

Chara
9 Julai 2025

Barwako,

Alifika.

Walikuja wote wawili kwenye pikipiki, Abdinur mbele, Kiti nyuma, jua likiwa limegusa mikindu. Wanaume wetu walikuwa wameshatoka, wamelala kwenye matete pande zote mbili za njia. Waliona pikipiki ya Abdinur na kofia ya Abdinur. Hawakumwona aliye nyuma. Kiti anasema alipiga kelele jina lake mwenyewe, lakini injini ilikuwa inanguruma.

Ni pigo moja tu la panga. Lilimwingia Abdinur bega la kushoto, kuelekea shingoni. Wangekata la pili kama Kiti asingemlalia juu.

Idris aliwapeleka barabarani, wakapata gari hadi Malindi. Mkono huenda usifanye kazi tena, lakini anaongea. Kiti yuko naye, analala chini ya kitanda, manesi wamechoka kumfukuza. Mama amemtumia uji.

Sasa nisikilize. Polisi walikwenda hospitali wakamuuliza nani amemkata. Abdinur akawaambia, "Nilianguka na pikipiki, nikaangukia bati." Wakamuuliza tena. Akasema ile ile. Wakatoka, akamwambia Kiti, "Nikitaja jina, Adan atakuwa Chara kabla jina halijamaliza kutoka. Nimekwisha zika ng'ombe, inatosha." Akamwambia aniambie nikuambie.

Panga lilikuwa la Kiti, Barwako. Lile alilochukua Mzee Tsuma mlangoni. Kiti ameshajua. Hata huyo Mzee anajua kwamba tunajua, jana aliniletea samaki, akaweka chini, akaondoka bila salamu.

Hapa kila mtu anasema Abdinur alianguka. Watoto nao wamefundishwa.

Kadii

*

Ndera
14 Julai 2025

Kadii,

Baba amerudi kutoka Malindi na ami Adan. Baba alisikia habari ya ajali ya pikipiki kutoka kinywani mwa mwanawe, akaikubali, au amesema amekubali. Tangu arudi anakaa karibu na Sumayya, anamkatia kucha.

Ami Adan hakukubali. Alimwomba nesi afungue bandeji aone. Leo alinikuta kisimani, akasimama kati yangu na ndoo.

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Unajua chumvi ya kweli na chumvi ya uongo. Niambie basi, bati gani linakata kwa pembe moja, kutoka juu, kama mtu?"

Nikasema, "Alianguka, ami."

"Apa."

Wanawake waliokuwa wanateka waliacha kuteka. Ng'ambo ya kisima vijana wake walikuwa wamekaa wanatungoja, watano au sita, na pikipiki zao zimeelekezwa kusini, njia ya Chara.

Nikaapa.

Barwako